Nimeacha sigara, mbona pumzi inakata?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Dar es Salaam, na karibu zote zinalalamikia jambo lile lile: mtu ameacha sigara kwa nia njema, halafu badala ya kupata nafuu anahema kuliko zamani. Tumechagua tano. Majina ya waandishi tumeyaacha.

Shikamoo daktari. Nina miaka 36, nimevuta paketi moja kwa siku kwa miaka 14. Leo ni siku ya kumi na moja sijagusa fegi. Zamani nilikuwa napanda daraja la waenda kwa miguu na sigara mkononi. Sasa nikifika juu nashika bomba, nahema kama nimekimbizwa. Usiku ndiyo balaa: nahisi hewa haishuki mpaka chini, napiga miayo kutafuta pumzi. Wenzangu kijiweni wanasema mwili umeshazoea, nirudishe hata mbili kwa siku. Nifanyeje? – Msomaji, Manzese

Marahaba. Usirudishe hata moja. Ukivuta utapata nafuu ndani ya dakika chache, na nafuu hiyo ndiyo itakayokudanganya, kwa sababu itakuwa imetuliza arosto tu, ile kiu ya mwili uliozoea nikotini. Mapafu yatakuwa yameongezewa moshi.

Hiyo hewa "isiyoshuka" na miayo ya usiku ni dalili ya arosto ya nikotini. Huwa kali zaidi siku tatu za kwanza, kisha hupungua polepole hadi wiki ya tatu au ya nne. Mwili ukiwa na wasiwasi, misuli ya kifua na shingo hukaza, na mtu huanza kuhema haraka kwa sehemu ya juu ya kifua. Anavuta hewa mpya kabla ya kuitoa ya zamani. Kifua kinakuwa kama glasi iliyojaa: ukimimina zaidi hakiingii kitu. Ndiyo maana kujilazimisha kuvuta pumzi ndefu hakusaidii. Tatizo liko kwenye kutoa.

Kuna jambo jingine ambalo wavutaji wengi hawaligundui. Kila sigara ilikuwa inakusimamisha kama dakika tano, unavuta taratibu, unatoa taratibu, mara kumi hivi. Hayo yalikuwa mazoezi ya kupumua, tena mara ishirini kwa siku, ila yalifungwa kwenye sumu. Umeacha sumu, na mapumziko nayo yameondoka. Yarudishe mapumziko peke yake.

Kaa kitini, egemeza viwiko juu ya magoti, acha mabega yaanguke. Funga mdomo, vuta hewa kwa pua ukihesabu moja, mbili. Kisha kunja midomo kama anayepooza chai ya moto na uitoe hewa taratibu ukihesabu hadi nne. Usiisukume kwa nguvu na usivimbishe mashavu. Midomo ikiwa imebanwa, hewa inayotoka hupata ukinzani kidogo, na ukinzani huo huzuia vijia vidogo vya hewa visijifunge kabla mapafu hayajamwaga hewa iliyokwama. Fanya dakika tatu hadi tano, mara nne kwa siku, hata ukiwa huna shida. Anayengoja mpaka pumzi ikatike ndipo ajifunze huwa hawezi, maana hofu imeshatangulia. Ukisikia kizunguzungu au vidole vinakufa ganzi, unavuta hewa nyingi mno. Fupisha pumzi ya kuingia, usiifupishe ya kutoka.

Kwenye ngazi kosa kubwa ni kuzuia pumzi wakati wa kupanda. Vuta hewa ukiwa umesimama, panda ngazi mbili au tatu huku ukiitoa, simama kidogo, rudia. Pumzika kabla hujachoka. Ukishafika juu, inama kidogo mbele na uegemeze mikono kwenye bomba kama unavyofanya sasa. Hilo silo jambo la aibu, maana mkao huo huipa misuli ya kifua mahali pa kushikia.

Umesema zamani ulipanda bila tabu. Siku moja au mbili tu baada ya kuacha, kaboni monoksaidi ya moshi huwa imeshatoka kwenye damu, kwa hiyo leo damu yako inabeba oksijeni vizuri kuliko siku ulipokuwa unavuta. Kilichobaki ni njia za hewa ambazo bado zimevimba na zina ute, mwili usio na mazoezi, na akili ambayo sasa inaisikiliza kila pumzi. Mazoezi yatatibu viwili vya mwisho. Anza na dakika 10 za kutembea barabara tambarare kila siku, ongeza dakika mbili kila baada ya siku tatu hadi ufike 30. Mwendo unaofaa ni ule unaoweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Nenda alfajiri, pita mitaa ya ndani, iache Barabara ya Morogoro na moshi wake. Miezi ya Januari hadi Machi punguza mwendo, joto na unyevu wa Dar vinachosha hata mapafu mazima.

Arosto ikikushinda, tumia nikotini isiyo na moshi. Ubani wa nikotini, ule wa kutafuna, huwa wa miligramu 2 na 4. Kama sigara yako ya kwanza ilikuwa ndani ya nusu saa baada ya kuamka, wa 4 ndio wako. Hautafunwi kama ubani wa kawaida: utafune mpaka uwashe ulimi kama pilipili, ubane kati ya shavu na ufizi, muwasho ukiisha utafune tena, hivyo hivyo kwa nusu saa. Ukiutafuna mfululizo nikotini itashuka tumboni, utapata kwikwi na kiungulia, na kiungulia hubana kifua vilevile. Usinywe soda, juisi wala kahawa dakika 15 kabla, kwa sababu huzuia nikotini isipenye kwenye ngozi ya mdomo. Si kila duka la dawa linao, jaribu famasi kubwa. Mwenye maradhi ya moyo au mjamzito amwone daktari kwanza.

Habari za kazi. Nimeacha wiki ya tano sasa. Asubuhi nakohoa makohozi ya kahawia, mengine yana vidoa vyeusi, ilhali nilipokuwa navuta sikuwa nakohoa hivi. Nimenunua dawa ya kukata kikohozi na mke wangu ananichemshia maziwa kila jioni yasafishe mapafu. Kifua bado kizito. – Msomaji, Kigamboni

Maziwa endelea kuyanywa kama unayapenda, lakini yanaenda tumboni. Tunajua mafundi wa kuchomelea na wabeba saruji wengi wa mji huu wanaapa kwa maziwa. Hakuna njia ya kutoka tumboni kwenda kwenye mapafu, na bahati nzuri haipo.

Dawa ya kukata kikohozi iache. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopiga mawimbi na kuupandisha ute kooni pamoja na vumbi lake. Moshi ulikuwa umevilemaza. Ukiacha sigara vinaamka, vinakuta takataka za miaka na kuanza kufagia. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, kwa wengine miezi. Ukizuia kikohozi, uchafu unabaki mlemle.

Badala ya kukohoa kwa nguvu mpaka mbavu ziume, tumia mbinu ya kupuliza kioo. Kaa wima. Pumua kawaida nusu dakika. Vuta pumzi ndefu tatu au nne kwa pua, kila moja uizuie kwa hesabu ya tatu ili hewa ipite nyuma ya ute. Kisha vuta pumzi ya wastani, achama, na uitoe kwa mkupuo "haaa", kama unayetia ukungu kwenye kioo ili ukifute. Mara moja au mbili tu, halafu rudi kwenye kupumua kawaida. Makohozi yakifika juu, yakohoe na kuyatema. Mizunguko mitatu asubuhi na mitatu jioni inatosha. Ukisikia kifua kinapiga filimbi umetumia nguvu kupita kiasi, na njia za hewa zimejibana. Kunywa maji ya kutosha kutwa nzima ili ute usiwe mzito, isipokuwa kama daktari alikuwekea mpaka kwa ajili ya moyo au figo. Kujifukiza kwa mvuke huwapa wengine nafuu ya muda, lakini mwenye pumu anaweza kubanwa zaidi, na sufuria la maji ya moto chini ya shuka limeunguza watu.

Sasa jambo ambalo hatutaki ulipuuze. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinapaswa kupimwa kifua kikuu, hata kama unadhani unaijua sababu yake. Wavutaji hupata TB kwa urahisi zaidi, na dalili za mwanzo zinafanana na hizo zako. Kipimo ni bure kwenye vituo vya serikali, na matibabu pia. Peleka makohozi ya asubuhi yaliyotoka kifuani kwa hiyo mbinu ya "haaa". Mate ya mdomoni hayana faida maabara. Rangi ya kahawia na vidoa vitapungua. Yakigeuka ya kijani ukiwa na homa, nenda zahanati. Ukiona damu nyekundu, hata kijiko kimoja, nenda siku hiyo hiyo.

Daktari, mume wangu ana pumu na anatumia vidonge vya aminofilini miaka mingi. Ameacha sigara wiki tatu zilizopita. Tangu hapo moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, halali, na anasema pumzi haimtoshi. Jana alitapika. Yeye anadai ni kuacha sigara. – Mama wawili, Tandika

Mama, hii isisubiri mwisho wa wiki. Mpeleke hospitali leo na vidonge vyake mkononi.

Moshi wa sigara huichochea ini kuvunja baadhi ya dawa haraka kuliko kawaida, na aminofilini na theofilini zimo. Kipimo chake kilipangwa akiwa mvutaji. Alipoacha, ini lilirudi mwendo wake wa kawaida ndani ya siku chache, na sasa vidonge vile vile vinajaa kwenye damu. Kutapika, kutetemeka na moyo kwenda mbio ni dalili kwamba dawa imezidi. Ikizidi zaidi huleta degedege na kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa kawaida anayeacha sigara hupunguziwa dozi kwa robo hadi theluthi, lakini kwake yeye anayetapika tayari, daktari ndiye aamue kama asimamishe kwanza. Asimeze kidonge kingine kabla ya kuonwa. Inhela yake, yaani pampu, aendelee nayo kama anayo.

Kahawa nayo huvunjwa na ini kwa njia hiyo hiyo. Mtu aliyezoea vikombe sita vya kahawa chungu barazani, akiacha sigara vinampiga kama kumi na zaidi: moyo unadunda, usingizi unakata, kifua kinabana, na lawama anabebeshwa kuacha sigara. Punguza kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza. Ubani wa nikotini haubadilishi hili, maana kinachochochea ini ni masizi ya moshi wenyewe.

Wanangu, nina miaka 64. Nilivuta sigara 15 kwa siku kwa miaka 40, nikaacha miaka miwili iliyopita. Kikohozi kimekwisha, pumzi haijarudi. Nikienda msikitini nasimama mara mbili njiani, vijana wananipita. Nilipewa pampu ya pumu, sioni kazi yake. – Mzee wa Temeke

Shikamoo mzee wetu. Sigara 15 kwa miaka 40 ni sawa na paketi moja kila siku kwa miaka 30. Kwa kiasi hicho, na kwa pumzi isiyorudi baada ya miaka miwili, tungekutaka upimwe ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Si pumu, ingawa nao hupiga filimbi kifuani kama pumu. Pumu huja na kuondoka, huu hukaa na kuzidi polepole.

Kipimo chake kinaitwa spairometri. Unavuta hewa mpaka ujae, halafu unaipuliza yote kwenye mrija kwa nguvu mpaka mapafu yaishe, angalau sekunde sita. Hupewa mipulizo ya dawa ya kutanua njia za hewa, ukarudia baada ya robo saa. Kama hewa inayotoka sekunde ya kwanza ni chini ya asilimia 70 ya hewa yote hata baada ya dawa, njia zimeziba. Picha ya eksirei peke yake haitoshi, mara nyingi huonekana safi. Kama zahanati haina kipimo hicho, omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa au Muhimbili.

Hatutakuficha: vifuko vya hewa vilivyoharibika havioti tena. Ila kuacha kwako si bure. Mapafu ya kila mtu hupungua nguvu kidogo kila mwaka kadiri umri unavyosonga. Ya mvutaji aliyeathirika hupungua upesi zaidi, na akiacha, mwendo hurudi kukaribia wa asiyevuta.

Kuhusu pampu, kabla ya kuilaumu dawa tuangalie inavyotumiwa. Wengi huibonya kabla hawajaanza kuvuta pumzi, au wanavuta kwa pupa, na dawa inaishia kooni. Tengeneza spesa, yaani chombo cha kupitishia dawa ya pampu, kwa chupa ya maji ya nusu lita. Ioshe. Chini ya kitako chora umbo la mdomo wa pampu, pasha kisu moto na ukate tundu dogo kidogo kuliko mchoro, ili pampu iingie kwa kubana. Kung'uta mabaki yote ya plastiki, ziba pembeni kwa gundi au plasta, kisha ioshe tena kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa: plastiki iliyosuguliwa huvuta dawa ikagandia ukutani mwa chupa. Tikisa pampu, toa hewa yako, funga midomo kwenye shingo ya chupa, bonya mara moja, na upumue taratibu ndani na nje mara tano. Subiri nusu dakika kabla ya mpulizo wa pili. Usibonye miwili kwa pamoja, chembe za dawa hugongana na kuanguka. Osha spesa yako kila wiki. Na hesabu mipulizo: pampu nyingi za salbutamoli zina 200, baada ya hapo husikika bado inatoa kitu, lakini ni gesi tu.

Miguu nayo inahitaji kazi, maana misuli dhaifu hula oksijeni nyingi kwa kazi ndogo. Inuka na ukae kwenye kiti mara tano bila kushika kitu, ukitoa pumzi wakati wa kuinuka. Pumzika, rudia mara tatu, siku tano kwa wiki. Oga ukiwa umekaa kwenye kigoda. Kula kidogo kidogo mara nne badala ya sinia moja la ugali na maharage, kwa kuwa tumbo lililojaa husukuma juu kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, na kuubana usishuke. Jiko la mkaa likae nje. Ile dawa ya mbu ya kuchoma nayo ni moshi chumbani usiku kucha, chandarua kinatosha. Kwenda msikitini toka dakika kumi mapema na upange mwenyewe pa kusimama.

Ukigundua kwamba huwezi kulala chali bila mito mitatu, unaamka usiku ukitafuta dirisha, au viatu vimeanza kubana jioni kwa sababu miguu imevimba, basi moyo nao upimwe. Sigara haiharibu mapafu peke yake. Na kwa yeyote anayesoma: maumivu ya kifua yanayopanda mkono au taya, pumzi iliyokata ghafla ukiwa umekaa tu, mguu mmoja uliovimba na kuuma pamoja na kuhema, midomo kuwa ya bluu au kijivu, au kushindwa kumaliza sentensi ni safari ya dharura. Usijaribu kwanza mazoezi ya kupumua.

Nimenunua kile kibanio cha kupima oksijeni kidoleni. Kinasoma 97 lakini bado nahema. Kibovu? – Msomaji wa kike, Sinza

Huenda ni kizima. Arosto, wasiwasi, ute na kukosa mazoezi humfanya mtu ahisi kuishiwa hewa huku oksijeni ya damu ikiwa sawa, kwa hiyo 97 ni habari njema, ingawa haimalizi uchunguzi. Ila kina udhaifu wake. Kwa mtu anayeendelea kuvuta, hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksaidi, kwa hiyo humpa namba nzuri asiyostahili. Kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kidogo kuliko ukweli. Pima ukiwa umekaa dakika tano, mkono umepata joto, umetulia juu ya meza, na usome namba baada ya nusu dakika, si ile ya kwanza. Ikibaki chini ya 94 zaidi ya mara moja, nenda hospitali. Ikiwa 90 au chini, nenda sasa hivi. Na kama umepaka piko au rangi ya kucha, kibanio hakioni vizuri: futa rangi, au tafuta kidole ambacho hakikupambwa.